Mafuta ya Leleshwa na Goti la Kushoto

Kwa miaka mingi nilikana kwamba goti langu linauma. Nilimkania mume wangu, nikawakania wenzangu kazini, na hata daktari aliponiuliza waziwazi, nikiwa nimepanda kitanda chake kwa kusaidiwa na muuguzi, nilimjibu kwamba goti "linachoka tu." Kwanza viatu ndivyo vilivyokuwa na makosa. Kisha ngazi. Kisha baridi, ambayo hapa Nairobi mtu anaweza kuilaumu kuanzia Juni hadi Agosti bila kubishiwa. Mimi ni mtu aliyesoma chuo kikuu. Nimeishi kwa kuandika makala kuhusu ujinga wa watu wengine. Sikuona jinsi ugonjwa wa wazee ungethubutu kunijia kabla sijafika hamsini, tena bila miadi.

Naandika haya kwa sababu siku hizi wanawake hunipigia simu. Huanza kwa kuulizia watu wa nyumbani, wakauliza mvua, kisha sauti inashuka: "Na hilo goti lako, walilifanya nini?" Siwezi kuwaeleza habari za dawa, maana nilisomea fasihi. Naweza kuwaeleza habari za kungoja, ambazo nazijua vizuri kuliko nilivyowahi kuijua fasihi.

Ofisi yetu ya uchapishaji ilikuwa ghorofa ya nne, katika jengo la zamani katikati ya jiji, na lifti yake ilikufa kabla sijaajiriwa. Nilijifunza kupanda kama mtoto mdogo: mguu mzuri mbele, mwingine ukivutwa nyuma yake. Nilikuwa nikibeba makaratasi mkononi ili nikisimama katikati ya ngazi nionekane ninasoma. Wahariri wenzangu walinisifu kwa bidii. Goti la kulia lilikuwa na sauti yake, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. La kushoto lilikuwa bado kimya, likifanya kazi ya magoti mawili.

Mume wangu Njoroge ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa mifupa hatimaye. Alinishusha mlangoni akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari, jambo ambalo mjini huchukua nusu ya asubuhi. Wagonjwa wa mifupa ni watu wa mazungumzo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuondoka haraka. Mzee mmoja mwenye mkongojo alinigeukia.

"Mama, wewe ni goti ama ni nyonga?"

"Nimesindikiza mtu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Muuguzi akafungua mlango, akaita jina langu. Nikasimama kwa mikono miwili. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nenda. Mtu wako ameitwa."

Daktari alikuwa mpole na mwenye haraka. Aliniuliza kama nakula kuku. "Ile sehemu nyeupe inayoteleza, mwisho wa mfupa wa paja, unaijua? Hiyo ndiyo gegedu. Yako ya goti la kulia imechakaa, na upande wa ndani inakaribia kuisha. Hili la kushoto limeanza safari hiyohiyo." Akanidunga sindano, akanipa vidonge, akanipangia kurudi mvua ndefu zikianza. Tangu siku hiyo sijala kuku bila kumkagua kwanza.

Kabla ya mvua yakaja mafuta.

Mama mkwe wangu anakaa Dagoretti, katika shamba dogo ambalo jiji limelizunguka pande zote. Anaitwa Wambui. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo binti yangu naye ni Wambui, na hesabu ya ukoo inasema kwamba nimemzaa mama mkwe wangu. Yeye huichukulia hesabu hiyo kwa uzito. Akitaka kitu huniita "Maitu," yaani mama yangu, na mama gani atamnyima mtoto?

Yeye na kikundi chake cha akina mama wa kanisa walikuwa wamefundishwa na afisa wa kilimo kukamua mafuta ya majani kwa mvuke. Majani yalikuwa ya leleshwa, kile kichaka cha kijivu cha upande wa Bonde la Ufa chenye harufu ya kafuri, na kidogo ya mkaratusi. Mtambo ulikuwa pipa lililofungwa kwa udongo, bomba la shaba likipita ndani ya ndoo ya maji baridi, na chupa mwisho wake ikipokea matone. Mtu yeyote aliyekulia pembeni mwa Nairobi angekwambia hicho ni kiwanda cha chang'aa, ile pombe haramu. Polisi nao walidhani hivyo. Walifika asubuhi moja, wakamkuta mama mkwe, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, akichochea moto.

"Shosho, hata wewe?" mmoja wao akauliza kwa huzuni ya kweli, kama anayemwuliza nyanya yake mwenyewe.

"Onja," akamwambia.

Akaonja. Akina mama walimketisha yule polisi chini ya ukuta, wakampa maziwa. Alipopata sauti aliomba chupa moja ya kupaka mgongo wake.

Mimi nilipewa chupa tatu. Asubuhi na jioni nilipaka, magoti yote mawili, nikafunga kwa kitambaa cha sufu. Nisidanganye: yalisaidia. Yalikuwa na joto linaloingia polepole, na kwa saa moja hivi goti lilisahau kulalamika. Ila nyumba yetu ya Mountain View ilinuka kama mzigo wa makaa uliolowa. Mapazia yalinuka. Mkate ulinuka. Njoroge alivumilia wiki kadhaa, kisha akachukua mto wake.

"Naomba kulala na mke wangu," akasema, "si na msitu."

Akahamia chumba cha binti yetu Wambui, aliyekuwa chuoni Eldoret. Tulicheka siku ile. Alikaa huko zaidi ya mwaka, na kicheko hakikudumu hata mwezi. Ugonjwa wa goti haumtishi mtu. Hakuna anayekuja kukuombea kwa machozi. Unakuondoa tu mahali, kidogo kidogo. Niliacha kwenda sokoni, kisha nikaacha mazishi, jambo ambalo kwetu ni kama kuacha ukoo. Paja langu lilikonda, goti likavimba, mguu ukafanana na fimbo iliyokwama kwenye kabichi. Nilikuwa nikipanga siku yangu kwa urefu wa viti. Choo cha nyumba ya rafiki kilikuwa kifupi mno, nikashindwa kuinuka, nikalia humo ndani kimya, nikafungua bomba la maji nisisikike.

Mkosi wangu mkubwa ulinikuta kanisani, Jumapili ya Pasaka, wakati wa ushuhuda. Mama mkwe alisimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nina mke wa kijana wangu. Mnamjua, yule msomi, huandika kwa magazeti. Alikuwa hawezi hata kupiga magoti aombe. Tumempaka mafuta, tumemwombea, na leo ameingia hapa akitembea kama msichana. Maitu, simama wakuone!"

Nilikuwa nimeingia nikining'inia kwenye mkono wa Njoroge na vidonge viwili tumboni. Nikasimama.

"Zunguka!"

Nikazunguka. Vigelegele vikapanda hadi kwenye mabati.

Yeyote aliyelelewa katika makanisa yetu anajua kilichofuata. Mtu akishashuhudiwa kwamba amepona, kuugua tena ni kumwaibisha aliyeshuhudia, na wako watakaosema umemwaibisha Mungu pia. Kwa hiyo kila Jumapili nilitembea wima kutoka langoni hadi kwenye benchi, meno yameumana, nikiwapungia mkono watu. Mkongojo nilioanza kuutumia niliuacha garini chini ya blanketi. Na kwa vile dada aliyekaa mapokezi kwa daktari wangu alikuwa wa kikundi kilekile cha akina mama, mvua ndefu zilipoanza niliiacha miadi ikapita. Nikaacha ya pili.

"Si ulikuwa uende kwa daktari wiki jana?" Njoroge akauliza.

"Ilisogezwa."

"Na nani?"

"Na wao."

Akaweka kikombe mezani. "Wewe na mama yangu mtaniua na hii mafuta."

"Basi mwambie. Ni mama yako."

"Nimwambie nini? Ni wewe ulizunguka!"

Tulikaa siku nyingi tukizungumza habari za maziwa na bili ya stima tu.

Mwisho wa mambo hayo ulikuja Kenyatta Market, mahali nilipokwenda kusukwa. Ukikaa kwenye kiti cha pale wasusi watatu wanakushika kichwa kwa pamoja, na kwa saa nyingi huna ruhusa ya kusogea. Walipomaliza nilisukuma kiti, nikabaki palepale.

"Mguu umelala, mathe?" msusi mmoja akauliza.

"Umelala," nikasema. Ndiyo mara ya mwisho niliyolikana goti.

Nikajiinua. Goti la kulia likaenda ndani, upande ambao magoti hayaendi, nikasikia mlio, nikaanguka juu ya ndoo ya mabaki ya nywele. Nakumbuka harufu ya nyama choma kutoka vibanda vya nyuma, na jinsi nilivyotamani mbavu huku nikipiga kelele. Walinibeba na kiti chenyewe cha plastiki hadi kwenye teksi, wanne kama wabeba bibi harusi.

"Lakini nywele imetoka poa, mum," yule msusi akaniambia dirishani, akinifuta uso kwa leso yake. Katika mwaka ule wote sikumbuki mtu aliyenifanyia wema mkubwa kuliko ule.

Daktari alitazama picha mpya. "Ungekuja zile mvua..." akasema, kisha akaacha sentensi hapo. Goti la kulia lingetolewa na kuwekwa la chuma na plastiki. La kushoto, alisema, limebeba mzigo mrefu mno. Nalo litahitaji kisu, na heri mapema kuliko kungoja lifike pale mwenzake alipofika.

Nililazwa Julai, katika baridi ile ya mawingu yasiyoondoka. Siku moja kabla ya upasuaji msichana mwembamba aliyevaa koti jeupe alikuja kitandani. Alijitambulisha kama Akinyi. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, mzaliwa wa Kangemi, ng'ambo tu ya barabara kutoka kwetu. Aliomba kitu ambacho sikuwahi kuombwa.

"Mama, kile kipande cha goti watakachotoa, badala ya kutupwa, unaweza kutupatia? Gegedu ikiwa na seli hai, tunaziweka kwenye kisahani maabara, tunazilisha, tunaona zinafanya nini tukizitilia mafuta ya mimea."

Njoroge, aliyeketi dirishani, aliinua kichwa. "Mafuta ya mimea gani?"

"Karafuu, mkaratusi, leleshwa..."

Sikucheka, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ameketi miguuni pangu na Biblia mapajani. Nadhani tangu Kenyatta Market alikuwa akijiuliza maswali ambayo hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alifungua mkoba, akatoa chupa, akampa Akinyi.

"Pima hii. Nimeikamua mimi."

"Shosho, sisi tunanunua ya maabara, iliyo..."

"Nimekwambia upime hii. Kwa seli za huyu." Akanigusa mguu. Kisha akamgeukia mwanawe, si mimi. "Na nyinyi mnisikie. Hilo la kulia mtalikata kesho, siwezi kusema kitu. La kushoto lingoje. Mafuta yangu yakifaa, halitaguswa na kisu. Yakishindwa, nitamshika huyu mkono mwenyewe hadi kwa daktari, na sitasema neno tena."

Njoroge alinitazama. Ningeweza kukataa. Lakini niliogopa kisu, na naogopa kuandika ni kiasi gani. Mtu anayeogopa hupenda sana wazo la kungoja matokeo. Nikakubali. Akinyi alitutahadharisha palepale kwamba kisahani si goti, na kwamba hawezi kuahidi jibu la kumtibu mtu. Tulitikisa vichwa kama watu waliosikia.

Yale majuma baada ya upasuaji sitayapamba. Mguu ulikuwa mkubwa na wa zambarau, na haukuwa wangu. Dada wa mazoezi ya viungo alikuja kuukunja, akisema "kidogo tu, mama," naye hakumaanisha kidogo. Nawaambia wanawake wanaonipigia simu: mchukieni huyo dada mnavyotaka, lakini msimfungie mlango. Wagonjwa wengi huharibu goti jipya kwa kumkwepa yeye.

Mama mkwe alihamia kwetu na sanduku lake. Kila asubuhi aliniogesha nikiwa nimeketi kwenye stuli bafuni, mguu mmoja umenyooshwa nje ya mlango. Mkwe kuonwa uchi na mama wa mumewe ni jambo lililokuwa haliwaziki. Siku ya kwanza nilifumba macho. Yeye alisugua mgongo wangu kwa nguvu ya mtu anayeosha sufuria, akasema, "Tulia, Maitu. Wewe ndiwe uliyenizaa, sasa unaona haya gani?" Nikacheka, kisha nikalia, naye akanimwagia maji kichwani ili ionekane ni maji.

Goti la kushoto alilipaka asubuhi na jioni. Halikupona. Lilianza kutafuna karanga zake. Nilipokanyaga kwa mkongojo nililisikia likipinda, na sikumwambia, naye aliona na hakusema. Mikono yake ndiyo niliyoingojea, wala sijui kama mafuta peke yake, mikononi mwa mtu mwingine, yangenipa usingizi.

Akinyi alipiga simu mara kwa mara. Mara seli zimeshika ukungu, ikabidi aanze upya na zilizobaki. Mara stima ilipotea maabara na kabati la joto likapoa. Nilianza kuwaonea wivu hao watoto wangu wa kisahani. Walikuwa wakilishwa, wakipashwa joto na kuangaliwa kwa darubini kila siku, na hakuna aliyewaambia wazunguke kanisani.

Mvua fupi zilianza. Daktari alituma ujumbe kupitia yule dada wa mapokezi: nafasi ya goti la kushoto ipo kabla ya Krismasi, ama sivyo mwaka ujao, na yeye angependelea isiwe mwaka ujao. Njoroge alisoma ujumbe kwa sauti wakati wa chakula. Mama mkwe aliendelea kumenya viazi. "Yule msichana hajapiga," akasema.

Alipiga Jumamosi mchana. Nilikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto mapajani mwa mama mkwe, mafuta yakimetameta. Njoroge alibonyeza simu ili tusikie wote, akaishikilia katikati yetu.

"Shosho yupo?" Akinyi akauliza.

"Niko. Sema."

"Shosho, mafuta yako ni mazuri. Ni safi kuliko nilivyodhani." Akavuta pumzi. "Nikitia kidogo sana, nimeyapunguza mara nyingi, zile seli zinatulia. Zilikuwa na hasira, zinapunguza hasira. Nikitia karibu na vile yalivyo kwenye chupa, zinakufa."

"Zinakufa."

"Zote, shosho. Lakini hiyo haimaanishi umemuumiza mama. Kupaka juu ya ngozi si kumwagia seli. Sijui hata kama yanafika ndani. Hilo sikulipima, na sitaki kukudanganya."

Mama mkwe hakuondoa mikono kwenye goti langu. "Hizo zilizotulia," akasema polepole. "Hizo za kidogo. Zilitengeneza ile kitu tena? Ile nyeupe?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Niliangalia sana, shosho, kwa sababu yako. Zilitulia tu. Ile iliyokwisha haikurudi."

Njoroge alinitazama juu ya kichwa cha mama yake, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima sikuangalia pembeni. Nje mtu alikuwa akipiga honi langoni kwa jirani. Mama mkwe alichukua ile simu mkononi mwa mwanawe, akaisogeza karibu na mdomo kama kikombe.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Zilipokuwa zinakufa, ziliumwa?"

"Hapana, shosho. Seli peke yake haijui kuumwa. Lazima kuwe na mtu."

Mama mkwe alitazama goti, kisha akanitazama mimi usoni, kwa muda mrefu, kama anayenihesabia miaka. Akachukua ncha ya leso yake, akaanza kunifuta mafuta.

"Basi asante, mama," akaiambia simu. "Kata sasa, tumpigie daktari kabla hajatoka."